Mrudishieni Bi Kimbelembele Mdomo Wake

Risala ya madobi wa hospitali, zamu ya jioni, kwa mkuu wa waandishi wa mchezo wa "Paa Linavuja"

Mgeni rasmi, mkuu wa waandishi wa mchezo wetu tuupendao,
Bwana Meneja wa hospitali,
Matroni,
Wafanyakazi wenzetu, na wagonjwa mlioruhusiwa kutoka wodini kuja kusikiliza:

Hamjambo nyote, na waliotuzidi umri, shikamooni.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu kwenye joto letu. Viti tumeviazima wodi ya wajawazito, ndiyo maana ni vipana. Kitambaa cha meza yako ni shuka la chumba cha upasuaji, lakini kaa kwa amani, tumelifua sisi wenyewe.

Anayekusomea ni mpiga pasi wetu. Hapa kazini anaitwa Dada Pasi. Tumemchagua kwa sababu ana sauti, na sisi wengine tukishika karatasi mbele za watu tunatetemeka hadi maandishi hayaonekani.

HISTORIA YETU

Chumba hiki cha kufulia kilianza na karo la saruji, kibanda cha mabati na wanawake wachache wenye mikono migumu. Aliyewatangulia wote aliitwa Mama Povu. Alifua kwa mikono na kwa mdomo, na hatujui kipi kilichoka mwanzo. Alipochoshwa na kufulia maji ya baridi, alichukua blanketi bichi, akaingia ofisini kwa meneja wa enzi hizo, akalitandaza mezani juu ya mafaili, akasema, "Lishike wewe kidogo, mimi napumzika." Boila la kuchemshia maji likaja. Mama Povu ndiye mama mzazi wa Dada Pasi. Alistaafu, baadaye akapatwa na kiharusi. Leo tumemleta kwa heshima ya waanzilishi, na ndiye aliyeketi kushoto kwako.

Boila lenyewe, Mgeni rasmi, halina ubavu wa kuhudumia pasi na mashine kwa pamoja. Kwa hiyo Dada Pasi hupiga pasi asubuhi peke yake, na sisi hufua kuanzia mchana mpaka usiku. Tunakutana naye wakati wa kupokezana, tunapokunja mashuka makubwa.

Huo ndio wakati wetu wa "Paa Linavuja". Mchezo wenu unaonyeshwa jioni, sisi tukiwa kwenye povu. Tuliwahi kuchanga tukanunua runinga, mvuke ukaimaliza kabla hatujajifunza kubadilisha stesheni. Tangu hapo Dada Pasi huangalia nyumbani, kesho yake anatusimulia. Shuka hukunjwa na watu wawili: mnashika ncha, mnavuta, mnasogeleana, mnaunganisha. Naye anajua kupanga maneno yake na hatua zetu, tukikutana katikati ndipo kicheko kinapotoka. Wengi wetu ni mashabiki wenu tangu mchezo unaanza, na uso wa Bi Kimbelembele hatujawahi kuuona.

MAFANIKIO

Tumefanikiwa kuondoa madoa yaliyoshindikana hospitali nyingine. Mashuka hayapotei. Foronya zinapotea, lakini hilo ni suala la wauguzi, na Matroni yupo hapa atalijibu.

Fanikio kubwa zaidi tumelipata kwako. Huyo Bi Kimbelembele wenu wa chumba cha getini, anayeingilia ugomvi wa kila mpangaji kwa kusema "Mimi simo, ila...", ametufundisha kuuliza. Sabuni ilipoanza kuletwa ikiwa imeongezwa maji, Mama Mkunjo, ambaye ni kiongozi wa zamu yetu, alikwenda stoo akamwambia mtunza stoo, "Mimi simo, ila hii sabuni imeogelea." Wiki iliyofuata ilikuja nzito.

CHANGAMOTO

Dada Pasi, hapa ndipo unapoanza ukurasa ambao hukuuona jana. Tumeubandika asubuhi ya leo, wakati pasi yako inapata moto. Usitukodolee macho. Mbele ya mgeni rasmi huwezi kutugombeza, kwa hiyo soma, utatugombeza kesho.

Mgeni rasmi, tulikuandikia barua ya kukupongeza kwa kile kipindi ambacho Bi Kimbelembele alimpandisha mwenye nyumba juu ya paa kwa kisingizio cha paka, akaondoa ngazi, akamwambia, "Mimi simo, ila mvua imo." Mwenye nyumba akaziba matundu yote kwa mikono yake kabla ya kushushwa. Tulicheka mpaka shuka likaanguka kwenye maji machafu tukalifua upya. Ukatujibu kwamba kipindi hicho hamkukitengeneza kamwe, na kwamba utakuja mwenyewe kuonana na sisi. Tulidhani unatutania, kwa kuwa kazi yako ni utani.

Siku hizo hizo Mzee Boila, mwangalizi wa boila letu, alirudi kutoka likizo. Huko kwa shemeji yake aliangalia mchezo kwa macho yake. Aliingia hapa kama mtu aliyeibiwa.

"Nimemwona Bi Kimbelembele," akasema. "Anatoa ushauri!"

"Mzee, uliweka stesheni nyingine," tukamwambia.

"Stesheni nyingine ya nani? Amevaa miwani. Amekaa kwenye kiti cha kuegemea. Mpangaji kaja analia kafukuzwa kazi, yeye anamshika kichwa, anamwambia, 'Vumilia, mwanangu.' Muziki mlaini, halafu tangazo la dawa ya meno!"

Ndivyo tulivyojua kwamba mmembadilisha, Mgeni rasmi. Umbea mmeufuta, sauti mmeishusha, mmemgeuza mama wa busara. Hatukuvunjii heshima, ila busara tunayo ya kutosha, tena ya bure. Kila ukuta wa hospitali hii umebandikwa karatasi ya kutuambia tuvumilie.

Zamu ikagawanyika. Wapo waliosema mtu hukua, hata mchokozi huzeeka akatulia. Wapo waliosema mwandishi ni mwenye mali, akitaka kumpeleka mwezini ampeleke. Mzee Boila alisema yeye na mchezo huo basi, talaka tatu. Lakini uchungu mkubwa tulikuwa nao kwa Dada Pasi. Kumbe msimu mzima alikuwa anatutungia! Tukikunja, tukicheka, tukienda kubishana na majirani kuhusu vipindi ambavyo hakuna aliyeviona. Mama Mkunjo alikaribia kukosana na wifi yake kwa sababu ya lile paa. Tukasema, huyu ametufanya watoto.

Dada, tunakuona unapunguza sauti. Pandisha, wa nyuma hawasikii.

Tukawatuma Mama Mkunjo na Mzee Boila wakamwulize nyumbani kwake, kwa adabu, wakiwa na mfuko wa machungwa ya mgonjwa. Ilikuwa jioni ya mchezo, na kazi yao tuliishika sisi. Walipofika uani walisikia sauti ya Bi Kimbelembele dirishani, kali na yenye shari, wakajua runinga imewashwa. Wakachungulia. Runinga ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa. Dada Pasi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono kiunoni, kanga ameifunga kichwani upande, anamsuta mwenye nyumba asiyekuwepo. Kitandani alikuwa Mama Povu, ameegemezwa mito, anacheka kwa ule upande wa uso uliobaki na nguvu, machozi yanamtoka. Dada akanyamaza makusudi, kama anayesahau. Na Mama Povu akahangaika, akahangaika, akatoa neno: "Si... mo!"

Dada akaitikia, "Ila?"

"Ila... we... mjinga!"

Wote wawili wakaangua kicheko.

Jirani aliyekuwa anaosha vyombo uani ndiye aliyewaeleza wajumbe wetu mengine. Alikuwepo jioni ile msimu mpya ulipoanza. Mama Povu tangu augue alikuwa hasemi, ila mchezo ukianza anakaa sawa, na Bi Kimbelembele akifungua mdomo yeye anatikisika kwa furaha. Jioni ile alimwangalia Bi Kimbelembele wa miwani akisema "Vumilia, mwanangu." Aliangalia mpaka mwisho. Kisha akakusanya nguvu zake zote, akasema maneno mawili: "Hata huyu." Akageukia ukutani, na chakula alikikataa mpaka kesho yake. Hapo ndipo mwanawe alipoizima runinga, akaanza kutunga.

Mgeni rasmi, sisi tulielewa maana ya "hata huyu", na tuliona aibu. Tangu Mama Povu apatwe na kiharusi, watu wote tumekuwa tukimwinamia na kumnong'oneza. Tunamwita bibi, tunampapasa mkono, tunamwambia avumilie, kisha tunazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ameshatoka chumbani. Mwanamke aliyemtandazia meneja blanketi bichi! Tulikuwa tumempa miwani na kiti cha kuegemea sisi wenyewe, kabla yenu.

Wajumbe hawakubisha hodi. Waliondoka na machungwa yao, wakayala njiani wakilia, Mzee Boila akidai ni ukali wa ganda.

Kwa hiyo, Dada Pasi, jua leo kwamba tunajua. Hukutudanganya. Ulitugawia kilichobaki kwenye sufuria ya mama yako, na kilikuwa kitamu kuliko cha wenyewe. Samahani, Mgeni rasmi, lakini ndivyo ilivyo.

Changamoto iliyobaki ni hii. Juzi kwenye kukunja, Dada alisimama katikati ya sentensi akasema, "Jamani, mimi hadithi zimeniishia." Tukacheka, tukijifanya hatuelewi. Tulielewa vizuri. Kwenu kipindi kimoja kinaandikwa na meza nzima ya watu, na chai wanaletewa. Yeye yuko peke yake, amesimama tangu alfajiri, pasi mkononi, na nyumbani kuna mtu anayesubiri kipindi. Siku akinyamaza yeye, na Mama Povu atanyamaza. Hilo ndilo tunaloliogopa, wala si jambo la mchezo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tuna maombi machache.

Ombi letu kwako ni kwamba umrudishie Bi Kimbelembele mdomo wake. Miwani abaki nayo, macho huchoka. Kiti abaki nacho. Azeeke, augue hata, sisi hatukatai, maana watu huugua na tunafua mashuka yao. Lakini awe mgonjwa mwenye shari. Akiwa kitandani agombane na daktari, aulize foronya zinakwenda wapi. Msimfanye mtu mwema kwa sababu tu amepungukiwa na nguvu.

Tunaomba pia umpe Dada Pasi nafasi kwenye ile meza yenu, japo kwa majaribio. Pasi yake tumeshakubaliana na Matroni namna ya kuigawana, siku atakazohitajika kwenu. Usituambie hana cheti. Wewe mwenyewe ulifunga safari kwa sababu ya kipindi chake, na barua yako ilisema, tunanukuu, "Laiti tungekiandika sisi." Dada, hapo tulia kidogo upate pumzi. Kunywa maji. Tutasubiri.

Bwana Meneja, na wewe hukusahauliwa: feni ya kutolea mvuke. Hatusemi zaidi, ila blanketi bichi tunalo.

Ombi la mwisho, Mgeni rasmi, halihitaji bajeti wala kikao. Bila shaka ulipofika ulimwinamia huyo mama wa kushoto kwako, ukamsalimu kwa sauti ya chini, ukamwachia tabasamu, ukageuka mbele. Hatukulaumu, tumefanya hivyo hivyo. Sasa tunaomba umgeukie tena, na umbishie. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba kile kipindi cha paa hakijawahi kuwepo. Yeye alikisikia mwanzo mpaka mwisho, na ana la kukujibu. Neno lake huchelewa njiani, lakini linafika. Usimmalizie.

Mungu akulinde safarini, ailinde mikono inayoandika na mikono inayofua, awape wagonjwa wetu afya na watani wa kuwachokoza. Ahsante kwa kutusikiliza. Tumenyamaza sasa, tunamsubiri Mama Povu.

Ni sisi,
Madobi wa zamu ya jioni, pamoja na Mzee Boila,
kwa sauti ya Dada Pasi wa zamu ya asubuhi.