Mama Chembe na Pete Iliyovuja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu wa fizikia aliyetutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na miwili. Wanafunzi walimwita Mama Chembe. Hakukasirika. “Afadhali chembe kuliko gogo,” alisema.

Kazi yake ilikuwa kutazama jinsi atomi za shaba zinavyotua juu ya bamba gumu na kuwa utando mwembamba. Aliifanya ndani ya chumba kidogo cha chuma, kilichonyonywa hewa yote. Atomi ikitua haitulii, alieleza. Ni kama mgeni ukumbini, hutangatanga mpaka amwone anayemjua. Zikikutana nyingi, zinajenga kichuguu.

Akiwa na miaka arobaini na mmoja, aliona ajabu. Utando wake haukuwa na vichuguu. Ulikuwa laini kama kioo. Akaandika kwamba elektroni zilizobanwa ndani ya utando ndizo zinazousawazisha. Makala ikasifiwa huku na huko. Jina lake likapelekwa kwenye kamati ya uprofesa.

Miezi minane baadaye, fundi wa mitambo alifungua chumba kile kukisafisha. Akamletea pete ya mpira inayoziba mlango.

“Mwalimu, hii imechoka kuliko mimi. Ilikuwa inavuja.”

“Tangu lini?”

Fundi akatazama chini. “Tangu kabla ya makala.”

Wakaweka pete mpya. Akarudia jaribio mara sita. Mara zote sita, vichuguu. Narudia, wasikilizaji: ni hewa iliyopenya iliyoulainisha utando, si elektroni. Na waliojua walikuwa wawili tu.

Mumewe anakumbuka jioni hiyo. “Nilimwambia, mke wangu, funika kombe mwanaharamu apite. Kamati inakaa Ijumaa. Akaniuliza, ‘Na wanaojenga juu ya makala yangu, niwafunike na nini?’”

Barua ya kujisahihisha ilitoka Alhamisi kwenda kwenye jarida lililochapisha makala. Uprofesa ukampita. Aliusubiri miaka tisa. Binti yake anasema, “Mama alikuwa anapika huku analia. Ukimuuliza, anasingizia vitunguu. Na vitunguu hakuna.”

Lakini katika chuo kingine, mbali, palikuwa na mwanafunzi aliyehangaika mwaka mzima kuupata utando ule laini. Akashindwa. Akaambiwa hana mikono ya kazi. Barua ilimkuta anafunga vitabu vyake arudi kwao. Juzi alisimama mazikoni, naye sasa ni mkuu wa maabara. “Sikuwahi kuonana naye,” alisema. “Nimekuja kumshukuru nimechelewa.”

Kwa mume, binti, fundi na wanafunzi wake wote: poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Lipo neno ulilolisema, likapigiwa makofi, nawe baadaye ukajua si kweli? Lisahihishe. Huenda mahali fulani yupo mtu anayedhani aliyekosea ni yeye.