Jina la Mwalimu wa Hesabu

KARIBU

"Mgeni wetu rasmi, Bwana Mkaguzi wa Elimu wa Jimbo, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, machifu na wazazi wetu mliofika: sisi wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Halambo tunakupokea leo kwa mikono miwili, pamoja na vumbi lote ulilotuletea kutoka barabara ya Tunduma."

Watu wakacheka. Mwalimu Fanueli, aliyewasaidia wanafunzi kuiandika risala ile, alikuwa ameapa kwamba hapo wazee watacheka, nao hawakumwangusha. Mgeni mwenyewe, Mzungu aliyekijua Kiswahili kuliko baadhi ya waliomkaribisha, alijipangusa bega na kutabasamu. Aliyekuwa akisoma ndiye peke yake ambaye hakucheka. Sekela, mwanafunzi wa darasa la tisa, alikuwa ameishika karatasi kwa mikono yote miwili na bado ilikuwa inatetemeka.

Waliomwona walidhani anamwogopa Mzungu. Laiti wangejua! Risala ile alikwisha isoma mara kumi na mbili mbele ya Mwalimu Mkuu Danford pasipo kukwama hata mara moja, na jana tu angeweza kuisoma mbele ya Gavana. Kilichomkausha mate leo kilikuwa katika ukurasa wa pili, mstari wa sita, nacho kilikuwa jina la mtu.

Asubuhi ile baba yake, Mzee Lusubilo, alifika kutoka milima ya Ileje baada ya kutembea siku mbili. Alimwita binti yake nyuma ya jiko la shule, akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu, ng'ombe wameshaingia zizini," alisema, kama mtu anayeeleza habari za mvua.

"Ng'ombe gani, tata?"

"Wa posa. Kijana anaitwa Watson, yuko ng'ambo huko Kitwe, migodini. Baba yake unamjua kuliko mimi. Si ndiye anayekufundisha hesabu hapa?"

"Tata, mbona hamkuniuliza?"

"Nikuulize? Hata mimi wameniuliza ng'ombe wakiwa tayari mlangoni," mzee alisema, na hakuwa anatania. "Walikuja ndugu za huyo mwalimu, na mkubwa wao ndiye aliyesema. Mwenyewe alikaa tu, anatazama chini. Sasa sikiliza. Tangu leo yule ni mkweo. Usimtazame, na jina lake lisipite kinywani mwako."

"Na likipita?"

"Likipita umewatoa ng'ombe zizini kwa fimbo, na mimi umenivua nguo mbele za watu."

Ndivyo ilivyo Ileje. Ng'ombe wakiingia, binti na baba mkwe hawatazamani wala hawatajani, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Binti akikiuka kwa makusudi, mbele za watu, amesema hapana, na hakuna mshenga wa kulishona hilo. Sekela hakuwa na ugomvi na mila za kwao. Ila Halambo nayo ilikuwa na sheria yake: msichana akishaposwa, anafunga sanduku siku hiyo hiyo. Mwaka jana alimwona mwenzake Fides akitoka getini saa sita mchana, sanduku kichwani, akilia bila sauti, na Mwalimu Mkuu akasema mbele ya shule nzima kwamba pale si mahali pa kutunzia wake za watu.

Hapo ndipo alipoielewa Jumatano. Mwalimu Isaka, huyo wa hesabu, aliporudi kutoka likizo yake fupi kwao, alifungua daftari la mahudhurio na kuita majina kama kawaida. Alipofika kwa Sekela akaruka, akaweka alama kimya kimya na kuita linalofuata. Sekela alikesha akijiuliza amekosa nini.

TULIKOTOKA

"Mgeni rasmi, shule hii ilianza ikiwa nyumba moja ya nyasi, na mwalimu mmoja aliyekuwa pia mpishi. Wakubwa wetu waliandika mchangani kwa vidole. Upepo ulipovuma, masomo yote yalifutika, wakaanza upya."

Watu wakacheka tena. Sekela aligeuza ukurasa, na kidole chake kikaacha alama ya jasho juu ya karatasi.

WALIMU NA WANAFUNZI

Bwana Mkaguzi alikuwa ameandika barua kabla ya kuja. Alisema amechoka kukagua kuta na vyoo, safari hii anataka kufahamiana na walimu na wanafunzi. Kwa hiyo ikapangwa kwamba kila mwalimu atakayetajwa atasimama, ainamishe kichwa, mgeni amwone uso.

"Mkuu wetu ni Mwalimu Danford Haonga, ambaye kengele ikichelewa dakika moja, yeye hulala na njaa." Danford akasimama, akajitahidi asicheke. "Mwalimu wa Kiswahili ni Fanueli Simbeye. Mwalimu wa historia na jiografia ni Luka Siwale, aliyetufundisha kuchora mito ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuivuka. Bibi Ketrina ndiye mlezi wa wasichana, na anafundisha ushonaji."

Wakasimama, wakakaa. Sekela akafika mstari wa sita. Jina lilikuwa pale, limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, wino mweusi. Kwa pembe ya jicho aliona viatu vya mwenye jina, chini ya kiti cha mwisho, havisogei. Akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake. Akilitaja, baba yake ameaibika. Asipolitaja, ameaga shule.

"Na... na mwalimu wetu wa hesabu," alisema, akaendelea mbio. "Wanafunzi tuko themanini na mmoja. Wavulana sabini na watano, na wasichana sita. Wengine wametoka Msangano, wengine Chapwa na Itaka, wengine..."

Hakuna aliyesimama. Lakini upande wa wazazi wa Ileje, mama mmoja alijiziba mdomo kwa kanga, akamnong'oneza mwenzake: "Mwe! Huyu kaposwa." Neno likatembea benchi hadi benchi, kama moto wa nyasi. Mwalimu Mkuu alidhani kwanza kwamba mtoto ameruka mstari. Danford alikuwa mtu wa Itaka, lakini alikuwa ameoa Ileje, na mwanaume aliyeoa Ileje hahitaji kuelezwa mambo ya mkwe mara mbili. Alimtazama Isaka, akamtazama Sekela, kisha uso wake ukakunjamana.

Sekela aliuona uso ule. Alikuwa amewahi kuuona, siku ya Fides.

TULIYOYAFANYA

"Tumefyatua matofali elfu nane kwa mikono yetu. Tumepanda kahawa, ambayo mwaka huu imeanza kuzaa. Katika mtihani wa jimbo wa hesabu, mwanafunzi wetu mmoja alikuwa wa tatu."

Mwanafunzi huyo alikuwa yeye. Fanueli alikuwa ameandika jina, Sekela akaomba lifutwe kwa aibu. Sasa aliyasoma maneno yale kama anasoma habari za marehemu.

Akamkumbuka mwalimu huyo huyo wa hesabu, miaka mitano nyuma, akipanda mlima wa kwao kwa miguu. Alikunywa maji kwa kata, akamwambia Mzee Lusubilo: "Huyu mtoto usimfiche jikoni. Nipe mimi, nitamfikisha." Mtu yule yule! Ndiye aliyemtoa jikoni, na leo ndugu zake wanamrudisha, naye anatazama chini. Hofu ya Sekela ikachanganyika na uchungu, na uchungu ukaanza kuizidi.

YANAYOTUSUMBUA

"Mgeni rasmi, paa la darasa la nane linavuja. Fisi wanatusumbua tunapofuata maji. Na mwaka jana wasichana tulikuwa tisa, mwaka huu tuko sita. Watatu wametoka kwa sababu za nyumbani."

Sababu za nyumbani. Maneno hayo aliyachagua Mwalimu Mkuu, maana ni maneno ya adabu. Sekela alijua kwamba mwakani mwingine atasimama hapa na kusoma kwamba wametoka wanne, kwa sababu za nyumbani, na mgeni atatikisa kichwa kwa huruma na kunywa chai yake.

MAOMBI YETU

"Tunaomba mabati ya darasa la nane. Tunaomba vitabu vya hesabu, kwani sasa tunasoma kitabu kimoja watu saba. Tunaomba bweni la wasichana, lenye mlango unaofungwa kwa ndani."

Zilibaki sentensi mbili za baraka. Sekela alikuwa amekwisha vuta pumzi ya kuzisoma, Bwana Mkaguzi akainua kalamu yake.

"Samahani, binti. Karatasi yangu inasema walimu watano. Wamesimama wanne. Huyu wa hesabu ni nani?"

Danford aliinuka haraka. "Bwana Mkubwa, huyo nitamtaja mimi, ni..."

"La, la, Mwalimu Mkuu. Keti. Msomaji amalize kazi yake." Mzungu alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomaliza njia zote za kukimbilia. "Nimekuja kuwajua watu kwa majina. Anaitwa nani?"

Kuku wa Bibi Ketrina wakasikika nyuma ya jiko. Sekela alimwona baba yake ameishika fimbo kwa mikono miwili, anatikisa kichwa polepole: usilitaje, mwanangu, usilitaje. Alimpenda baba yake. Alitaka kulia. Alitaka ardhi ipasuke immeze pamoja na karatasi yake. Aliliona sanduku la Fides likipita getini, na chini yake shingo haikuwa ya Fides, ilikuwa yake.

Akainua macho, akamtazama mtu wa kiti cha mwisho usoni.

"Isaka," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaikaza. "Mwalimu Isaka Kibona. Ndiye anayetufundisha hesabu."

"Yoo!" mama mmoja wa Ileje alipiga ukelele, akashika kichwa. Fimbo ya Mzee Lusubilo ilianguka chini.

Sasa hofu ilimpata upya, na ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu mkononi mwake halikubaki jambo la kufanya. Isaka akibaki amekaa, basi amebaki kuwa baba mkwe aliyetukanwa hadharani. Ng'ombe watakuwa wamepotea, shule itakuwa imepotea, na nyumbani hakutakuwa na wa kumpa hata moto wa kuwashia jiko. Akisimama mbele ya macho yake, basi naye ameuvunja mwiko, na kilichobaki ni mwalimu na mwanafunzi tu.

Isaka alikuwa na kipande cha chaki, anakizungusha vidoleni. Mzee wa ukoo wake, aliyeketi nyuma, alikohoa mara mbili kumwonya. Isaka aliendelea kuzungusha chaki. Sekela akahesabu pumzi zake mwenyewe: moja, mbili, tano, tisa. Macho yakaanza kumwingia ukungu.

Ndipo mwalimu alipokitia kipande kile mfukoni, akashika magoti, akasimama. Hakuinamisha kichwa kama wenzake. Aligeuka mzima mzima, akamtazama binti yule ambaye jina lake aliliruka Jumatano, na akaitika kama watoto wanavyoitika kila asubuhi daftari linapofunguliwa.

"Nipo, Sekela."

Mzee wa ukoo aliyekohoa aliondoka, akapita katikati ya watu bila kuaga. Mzee Lusubilo aliokota fimbo yake, akaifuta vumbi kwa kiganja. Alikuwa na hasira, kila mtu aliiona, na aibu pia. Lakini hakutoka. Alimwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za wiki: "Basi. Ng'ombe nitawaswaga mwenyewe kuwarudisha. Waliingia kwangu na njaa, angalau watatoka wameshiba."

Bwana Mkaguzi aliandika jina la tano, akakunja karatasi, ameridhika. "Vizuri sana. Risala safi. Ila msomaji wenu ana woga mno, Mwalimu Mkuu. Mzoesheni kusimama mbele za watu."

Hakuna aliyecheka. Danford alimtazama mgeni, kisha akamtazama Sekela muda mrefu. Sekela alishusha karatasi, akangoja aambiwe akafunge sanduku.

"Mbona umenyamaza?" Danford alisema. "Baraka bado hazijasomwa. Soma mpaka mwisho. Na hesabu ya wanafunzi uirudie, huku nyuma hatukuisikia vizuri."

Hesabu haikuwa imeandikwa katika mistari ile miwili ya mwisho. Sekela aliitia mwenyewe.

"Mgeni rasmi, Mungu akutangulie njiani, mvua isikukute kabla ya Tunduma, na wote uliowajua leo kwa majina uwakute hapa hapa utakaporudi. Ni sisi wako, wanafunzi wa Shule ya Halambo. Themanini na mmoja."