Infaksheni Si Infeksheni

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alimwonyesha jirani yake, muuguzi mstaafu, karatasi ya hospitali ya mumewe. "Mama, wameandika mayokadio infaksheni. Nampelekea dawa ya vijidudu, hiyo infeksheni iishe." Mimi sikuwa nasikiliza, ni masikio tu.

Muuguzi aliinyakua karatasi. "Infaksheni si infeksheni, mwanangu! Hapa hakuna kijidudu. Mshipa uliziba, kipande cha msuli wa moyo kikafa kwa kukosa damu. Huu ni mshtuko wa moyo! Yuko wapi sasa?"

"Alikataa kulazwa, yuko juu ya ngazi, anapaka rangi shule!"

Basi zima likageuka. Fundi akapiga simu kwa spika. "Baba watoto, shuka! Shuka sasa hivi!"

Sote tulimsikia akijibu kwamba amebakiza ukuta mmoja.

"Ukuta utakungoja, moyo hautakungoja!"

Basi liliposimama langoni mwa shule, wote wawili waliteremka mbio, ingawa muuguzi safari yake haikuwa ya huko. Dirishani niliona ngazi ndefu, na miguu miwili ikishuka kidato kimoja kimoja, huku mdomo ukiendelea kubisha.