Muulize Mara Tatu

Ndugu zetu mliopata viti, na ninyi mliosimama kule nyuma kwenye kivuli cha ukuta, mimi ni dada yake marehemu, yule aliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nina sauti inayofika mbali, si kwa sababu nilikuwa mpole kwake, maana sisi wawili tumegombana tangu enzi za kugombea upande wa ukutani kitandani, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi wa mabehewa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa mpaka mkunga alipomchapa kibao, na hata hapo alilia kidogo tu, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Akiwa na miaka tisa alichomwa na msumari mguuni, akashinda nao kutwa nzima, na baba alipoona alama nyekundu sakafuni akauliza ni nini, kaka akajibu kuwa ni matope. Kwa hiyo tabia ya kuficha maumivu hakuiokota ukubwani, alikuja nayo.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza 1974, akasoma sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, ambako mwaka 1981 alitunukiwa cheti cha kufundisha jiografia na Kiswahili. Januari 1982 alipangiwa shule ile ya kilimani yenye paa la bluu, akafundisha hapo hapo mpaka alipostaafu Machi 2021, na jina la Ramani alilipata kwa kuwa alikuwa akichora bara zima ubaoni kwa mkono mmoja, bila kutazama kitabu, huku anawagombeza waliokaa nyuma.

Mwezi Mei 2017 shule ililetewa miwani nane, si hizi za kusomea, bali zile kubwa zinazofunika macho yote, ukizivaa unajiona uko mahali ambapo hupo, kitu ambacho siku hizi kinaitwa uhalisia pepe. Walimu wengine walizikwepa, yeye akazikumbatia, akawa anawapeleka wanafunzi wake ndani ya volkano na chini ya bahari, watoto wanane kwa zamu, na ndoo ameiweka mlangoni kwa wenye kizunguzungu. Mkuu wa shule wa wakati ule, ambaye yuko hapa nasi na atanisamehe, alizivaa siku ya kwanza, akauona uji wa moto wa volkano unamjia miguuni, akaruka kinyumenyume na kuketi ndani ya pipa la takataka. Lakini mtoto ambaye miaka miwili alishindwa kutofautisha mto na ziwa, alitoka kwenye miwani akaeleza mwenyewe jinsi ziwa linavyozaliwa kwenye mdomo wa mlima, na kaka alilisimulia hilo mezani kwetu mpaka tukalichoka.

Kuhusu ndoa, tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa wifi yangu, mshonaji, aliyekuja shuleni kupima sare za wanafunzi akaondoka na vipimo vya mwalimu. Wiki ile ile ya harusi wifi alimkuta shavu limevimba, akamuuliza kama jino linamuuma, akaambiwa yuko sawa, akamuuliza tena, akaambiwa ni upepo tu, na alipomuuliza mara ya tatu, bwana harusi akakiri kwamba hajalala tangu siku ya kufunga ndoa. Tangu hapo wifi akatuambia wazi kwamba ameolewa na mtu wa kuulizwa mara tatu, na nyumba yao iliendeshwa hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini na minane. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1988, ambaye ni fundi wa majokofu, na mwana aliyezaliwa 1992, ambaye ni mwalimu kama babaye, pamoja na wajukuu wanne.

Mwaka 2019 fundi aliyekuwa akizikarabati zile miwani alikuja na ombi kutoka chuo cha tiba, kwamba wanatafuta mtu mzima mwenye sauti nzuri wampige picha kutoka pande zote, awe mgonjwa wa kwenye miwani, ili wanafunzi wa uuguzi na udaktari wajifunzie kwake kabla ya kugusa mtu wa kweli. Mgonjwa huyo angekuwa na ugonjwa wa moyo, na mwanafunzi akikosea, angekufa. Wifi alikataa kata kata, akamwambia, "Unajichuria, mume wangu, kifo hakiigizwi," na mimi nilimuunga mkono wifi, tena kwa sauti hii hii. Kaka alikwenda.

Kule chuoni walimpa maneno ya kusema, na neno la kwanza lilikuwa kwamba kifua kinamuuma. Aliwacheka, akawauliza ni mgonjwa gani huyo asiye na haya, anayesema ukweli mara ya kwanza, akawaeleza jinsi anavyoulizwa nyumbani kwake, na wao, kwa busara yao, wakabadilisha. Ndiyo maana mgonjwa wa kwenye miwani ukimuuliza mara ya kwanza husema, "Niko sawa," mara ya pili husema, "Ni gesi tu," na mara ya tatu ndipo husema kwamba kifua kinambana na mkono wa kushoto umeingia ganzi. Mwanafunzi anayeishia kwenye gesi humpa dawa ya gesi, na baada ya dakika chache anabaki amesimama mbele ya maiti. Mwaka ule wa kwanza karibu darasa zima lilimuua, na akipita kwenye mgahawa wa chuo vijana walimwinamia na kumwambia, "Pole, Mwalimu, jana nilikuua," naye alikuwa akiwauliza wamepata maksi ngapi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kaka aliiandika methali hiyo ubaoni kwa mwandiko mzuri miaka yote, kisha akawa anarudi nyumbani kuficha maradhi. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2021 wifi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anatoka jasho, hakupoteza muda kwa kuuliza, akamwita jirani mwenye gari, wakamfikisha hospitali. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, na kaka akamwambia kwamba yuko sawa, kisha akamwambia ni gesi tu. Yule binti alivuta kiti, akakaa, akasema, "Mwalimu, mimi nimeshakuua mara mbili nikiwa mwaka wa mwisho, leo siondoki hapa, nakuuliza mara ya tatu." Kaka akasema ukweli, akatibiwa saa ile ile, na sisi tukapata miaka mitatu na nusu zaidi, ambayo nasema bila kuficha kwamba ilikuwa zawadi.

Tangu Novemba mwaka jana moyo ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, na mara ya mwisho aliingia wodini tarehe 3 Februari 2025, kitanda cha dirishani. Jumapili tarehe 9, wifi alipomletea uji, alimuuliza kama anaumwa, naye akajibu mara ile ile ya kwanza, "Ndiyo, mke wangu, leo naumwa." Wifi aliweka bakuli chini, akatoka koridoni, akanipigia simu, akaniambia, "Wifi, njoo, kaka yako amejibu." Sikuhitaji maelezo mengine, nikafunga mlango nikaja. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Sasa lipo jambo ambalo majirani mmelisikia juu juu, nami nimeruhusiwa kulisema. Juzi Alhamisi mkuu wa chuo alikuja kutupa pole, na kuuliza kwa heshima kama familia inataka yule mgonjwa wa kwenye miwani aondolewe. Wengi wetu tulisema aondolewe, nikiwamo mimi, kwani itakuwaje mtu tunayemzika aendelee kufa kila wiki mbele ya watoto wa watu. Wifi, ambaye miaka yote hakuwahi hata kuzigusa zile miwani, aliomba ziletwe. Alizivaa kwenye chumba chake cha kushonea, sisi tukabaki tunauona mdomo wake tu, akamuuliza mara ya kwanza, akaguna, akamuuliza mara ya pili, akacheka, akamuuliza mara ya tatu, kisha akanyoosha mkono hewani, akasema, "Haya, umesema, twende hospitali." Yule fundi wa miwani, aliyezileta, alituambia kwamba mgonjwa amepona, maana kinachotakiwa kwanza ni kuita msaada mapema. Wifi alizivua, akazifuta machozi kwa upindo wa gauni lake, akamwambia mkuu wa chuo, "Aendelee na kazi. Ila msije mkamfundisha kujibu mara ya kwanza."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na kwa namna ya pekee yule daktari aliyevuta kiti, tunamwona pale mbele anafuta macho. Tunamshukuru jirani kwa gari lake na wengine kwa moto mliotuwashia jikoni siku hizi zote, walimu wenzake wa shule ya kilimani, na wanafunzi wa chuo mliomuua na mliomponya. Jumatatu darasa linaanza, mkamuulize bila kuchoka.

Na wewe, kaka, umejibu vya kutosha, leo hatukuulizi hata mara moja. Pumzika kwa amani.