Moto Utawashwa Baadaye

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa huu, wafanyakazi wa karakana, na ninyi mliovuka reli asubuhi hii kuja kumsindikiza, mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, kwangu alikuwa shangazi, kwenu wengi alikuwa Mama Maharagwe, na familia imenituma nisome maisha yake kwa kuwa watoto wake wamelia mpaka sauti zimewakauka. Mnivumilie, nami nimechoka. Najua baadhi yenu mnatazama nyuma ya nyumba na kushangaa kwamba hakuna moshi, sababu imo humu humu, nitaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1955, ng'ambo ya reli, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali, akiwa binti pekee wa fundi matofali na mkewe, na alilelewa kwa maharagwe yaliyotiwa nyanya, tena nyanya za kutosha, kama wanavyokula wa upande ule hadi leo. Upande huu, mnajua wenyewe, nyanya haiingii sufuriani, ni kitunguu kinachokaangwa kwa moto mdogo mpaka kianze kuwa cheusi pembeni, basi, na mtu anayetaka ugomvi katika mji wetu hahitaji siasa, inatosha aulize maharagwe ya wapi ndiyo maharagwe. Nalitaja hili mapema kwa sababu maisha ya shangazi yalipita katikati ya sufuria hizo mbili.

Alianza masomo mwaka 1963 katika shule ya msingi iliyo karibu na stesheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, na marehemu baba yangu, aliyesoma naye, alikuwa akisema kwamba dada yake hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila mwalimu alipofungua kitabu na kuwasomea kwa sauti, yeye aliburuta dawati lake mpaka mbele kabisa, akafukuzwa arudi nyuma, na kesho yake akaliburuta tena. Hakuendelea na sekondari kwa kuwa nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa baba yangu.

Tarehe 14 Januari 1974 aliajiriwa katika kantini ya karakana ya reli, akaanza kwa kuosha masufuria, akapanda kuwa msaidizi, kisha mpishi mkuu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2010. Hapo ndipo alipokutana na fundi wa mabehewa, mtu mpole aliyerudisha sahani yake mwenyewe dirishani badala ya kuiacha mezani, wakaoana tarehe 12 Agosti 1978, akahamia nyumba hii tuliyokaa mbele yake. Wiki ya kwanza mama mkwe alionja chakula chake, akaweka kijiko chini taratibu, akasema, "Mwanangu, supu ya nyanya nimeiona, maharagwe yenyewe yako wapi?" Shangazi hakununa, aliomba afundishwe, akafundishwa, na haikupita miaka mingi yule mama mkwe akawa anawaambia wageni kwamba mkaza mwanawe amezaliwa upande huu, isipokuwa kwa bahati mbaya mama yake alikuwa safarini siku hiyo.

Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza alizaliwa mwaka 1979, wa pili mwaka 1982 akatutoka akiwa bado mchanga, wa tatu mwaka 1985, na wa mwisho, binti, mwaka 1990, ambaye ameniambia juzi kwamba alipokuwa mdogo alidhani akina mama wote duniani wananukia moshi.

Ndugu zangu, mtaa ukishapata mpishi wa kujivunia, haumwachi apumzike. Harusi ilikuwa yake, mkutano wa wazazi wa shule ulikuwa wake, mgeni wa mkubwa wa karakana alikuwa wake, na msiba wa mtu yeyote, wa upande wowote, ulikuwa wake, na hakuna aliyemlazimisha, tulimsifu tu, akainuka. Watu wakimuuliza maharagwe bora ni ya wapi, wakasubiri ataje upande, alijibu, "Yaliyoiva." Jumapili, nyumbani kwake, alikula mkate na chai.

Tarehe 3 Novemba 1996 mama yake mzazi alifariki, huko huko ng'ambo, na wanawake wa mtaa huu, kwa upendo wa kweli, wakasema haiwezekani tukamzike mkwe wetu kwa maharagwe ya nyanya, wakabeba masufuria yao wakavuka reli, wakakuta wenyeji wamekwisha kuweka ya kwao, na uani pakawa na mioto miwili iliyotazamana. Nani angesimama katikati asionekane mgeni wala msaliti, ila yeye? Akakoroga huku, akaenda akakoroga kule. Baba yangu alisoma historia ya mama yao mbele ya nyumba, na sauti ilifika nyuma kama ya redio ya jirani, unajua kuna mtu anazungumza, basi. Jioni shangazi alimuuliza kaka yake, "Ulisomaje?" naye akajibu, "Nilisoma vizuri," kwa sababu alikuwa amechoka, na hawakulizungumza tena mpaka baba alipofariki.

Mumewe alifariki tarehe 21 Februari 2008, na safari hiyo tulimkalisha ndani, kwenye godoro, kama mfiwa, lakini wageni wa karakana walikuwa wengi, wapishi wakaingiwa na hofu, akaja mmoja kumnong'oneza, "Mama, njoo uonje tu, chumvi imetushinda." Aliinuka. Alipokuwa nyuma, ameshika kijiko, mbele ya nyumba maisha ya mumewe yalisomwa mwanzo mpaka mwisho.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Daktari alimuuliza kama amewahi kuvuta sigara, akasema, "Sigara siijui, mwanangu, nimevuta kuni." Kufikia mwaka 2022 hakuweza tena kukaribia moto, na jirani yake, mama fundi cherehani, akapokea mwiko, ingawa kila msiba ulipotokea bakuli lilipelekwa kitandani aonje, akaonja, akasema yameiva, na sisi tukaridhika.

Mwezi uliopita alituita, watoto wake, mama fundi cherehani na mimi, akatuambia kwamba amepika katika misiba asiyoweza kuihesabu na hajawahi kusikia historia ya marehemu hata mmoja, wala ya mama yake, wala ya mumewe, na hakuomba mengi, aliomba kwamba siku yake moto usiwashwe mpaka historia imesomwa, ili wale wa nyuma nao wakae mbele, wasikie. Alifariki hospitalini tarehe 17 Septemba 2024, saa moja asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Leo alfajiri haikuwa rahisi. Kuni zilikuwa zimepangwa, na mama fundi cherehani, ambaye ameniruhusu niseme, alilia akisema, "Wageni wa ng'ambo watakaa na njaa? Watatuimba mpaka lini?" na wale wa ng'ambo, walipofika na kikapu chao cha nyanya, wakadhani tumewasusa. Mwanawe mkubwa hakubishana na mtu, alileta viti kutoka ndani, akavipanga mstari wa mbele, akasema, "Mama aliomba wapishi wakae." Vilikaa vitupu muda mrefu. Kisha mama fundi cherehani alifungua kanga ya kiunoni, akaketi, na mama mwenye kikapu akaja akaketi kando yake, na ndivyo mnavyowaona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, karakana waliotoa gari na turubai, majirani waliolala nasi hapa, ndugu wa ng'ambo, na wapishi, hasa wapishi, ambao siku zote tumewashukuru wakiwa hawatusikii.

Chakula kitachelewa. Maharagwe yameloweshwa tangu jana, kitunguu kipo, nyanya zipo, watajuana wenyewe, na mwenye njaa avumilie, si kwa ajili ya mtaa wowote.

Shangazi, historia imekwisha, na wote wa nyuma wameisikia. Usiinuke, tutaonja wenyewe. Keti, upumzike kwa amani.