Shihab bin Taib na Ngome ya Mwalimu Yekoniya

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Al Baraha, Dubai, familia inawasomea maisha ya Shihab bin Taib, kama alivyoyaeleza mwenyewe na kama alivyotaka yasomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, mtaa wa Malindi, Unguja, mtoto wa tatu wa Bwana Taib na Bibi Masuda, akasoma shule ya msingi hapo hapo mjini, kisha sekondari Mombasa, alikohitimu Desemba 1969, na huko ndiko alikojifunza sataranji kwa kitabu, kwa kanuni zake zote.

Aliingia Dubai tarehe 2 Juni 1974, akaajiriwa karani katika kampuni ya mizigo huko Deira, na kompyuta ya kwanza ya ofisi ilipofika mwaka 1980, yeye ndiye aliyepewa kuitunza, akajifundisha kuiandikia programu, hata akaanza kuifundisha sataranji.

Mlinzi wa jengo lile alikuwa Yekoniya, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao Masaka, na programu ilipokwama, ikawa haiwezi kuumaliza mchezo hata inapokaribia kushinda, ni yeye aliyejaza madaftari matatu kwa penseli, akieleza hatua kwa hatua jinsi mfalme na askari wachache wanavyomaliza kazi, na Shihab akayaingiza yote. Ndani yake lilikuwamo kosa moja. Mwalimu alijifunza mchezo shuleni ambako vipande havikutosha, kwa hiyo kwao askari akifika mwisho wa ubao alipewa kipande kilichokwisha kuliwa tu, ilhali kanuni inamruhusu kuwa malkia hata kama malkia wa kwanza bado yupo.

Tarehe 15 Novemba 1984 programu ilishinda mashindano kwenye maonyesho ya kompyuta, na katika mchezo wa mwisho askari wake alipofika mwisho wa ubao, malkia wake akiwa bado ubaoni, ikafuata madaftari ya Mwalimu, ikachagua ngome, kipande kilicho dhaifu kuliko malkia. Mwandishi wa gazeti alipouliza sababu, Shihab akajibu kwamba alitaka mashine isiyo na tamaa. Jibu lilipendwa, likachapishwa kwa jina lake peke yake, na Yekoniya akalisoma akiwa zamu mlangoni. Mwezi uliofuata akahamia jengo jingine, mtaa wa Al Mankhool.

Marehemu alimuoa Bi Nada tarehe 9 Agosti 1985, wakajaliwa Hala na Zayd, na nyumbani kwake jibu lile halikutajwa kamwe.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2022, na Oktoba iliyopita akamtuma Hala amtafute Mwalimu Yekoniya, na Mwalimu akaja hospitalini, na Shihab alipotaka kuomba radhi akaambiwa, "Cheza kwanza, Bwana Shihab." Wakacheza siku sita. Siku ya mwisho askari wa marehemu alifika mwisho wa ubao, malkia wake akiwa mzima, naye akaomba ngome. Yekoniya akautazama ubao, akasema, "Sasa utashindwa, bwana," na kweli akashindwa. Neno la kusamehe halikutamkwa.

Shihab alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi.

Zayd aliomba habari ya ngome isisomwe mbele za watu, Bi Nada akamwambia, "Basi isome wewe," na ndiye mnayemsikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Mwalimu Yekoniya yupo hapa, karibu na mlango. Familia haimuombi jibu. Inasema tu kwamba programu ile iliandikwa na watu wawili, na kwamba ngome ilikuwa ya Yekoniya.

Pumzika kwa amani, baba. Ulilotaka lisemwe limesemwa.