Wadudu wa Kavetsa wa Soweto West

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mkulima. Ndiyo, mkulima wa Kibera. Jina lake ni Rachael Kavetsa, mamake Bridgit, mwenye shamba la mboga kando ya mto, Soweto West. Alituacha mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na miwili.

Kwa miaka kumi na minane Kavetsa alipanda sukuma wiki, kunde na managu, akaziuza sokoni Kawangware 46. Na kwa karibu miaka hiyo yote hakupiga dawa ya wadudu hata mara moja. Narudia: hata mara moja.

Alikuwa na wadudu wake. Mnawajua, wale wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Hao hula vidukari, wale wa kijani wanaojibandika chini ya jani na kulifyonza hadi likunjamane. Kavetsa aliwaachia nyasi ndefu na maua ya porini ukingoni, wapate pa kujificha. Akichuma mboga, alipuliza kila jani kwa mdomo kwanza, wasije wakabebwa sokoni. Bridgit, binti yake, anasema majirani walicheka.

"Mum hakujali. Alikuwa anasema, hawa ndio wafanyakazi wangu, na hawajawahi kugoma."

Kisha majira yakaharibika. Masika moja mto ulifura, ukafagia ukingo wote. Nyasi zikaenda, maua yakaenda. Halafu likaja jua. Julai, mwezi ambao Kavetsa alizoea kuingia shambani na sweta mbili, ukawa na joto kama Februari. Zamani baridi ya Julai iliwapunguza vidukari. Sasa walizaana bila kupumzika. Na wale wekundu hawakuwa na pa kurudi.

Kila asubuhi Kavetsa aligeuza majani akiwatafuta. Siku moja aliwaona watatu. Wiki iliyofuata hakumwona hata mmoja.

Alinyunyiza majivu. Akajaribu maji ya sabuni, akajaribu pilipili. Kunde zikanyauka vilevile. Wateja wake wa Kawangware, watu aliowauzia miaka nenda miaka rudi, walifunua majani, wakayarudisha polepole, wakaenda kwa mwingine. Hawakumtukana. Bridgit anasema hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jirani yake wa shamba, Wakoli, alikuwa amemshauri mara nyingi apige dawa. Februari mwaka huu Kavetsa alimwendea mwenyewe.

"Nipatie hiyo pampu, Wakoli," alimwambia. "Nimechoka kungoja."

Alipiga dawa bila glavu, bila kuziba mdomo. Vidukari walikufa. Lakini buibui nao walikufa, na nyigu wadogo pia. Siku tisa baadaye vidukari walirudi wengi kuliko mwanzo, na sasa hapakuwa na wa kuwala. Kavetsa akaongeza dawa kwenye maji. Akapiga tena, mchana, jua la utosi, pampu ikimvujia mgongoni.

Alifika nyumbani akitapika. Jasho lilimtiririka, mate yakamtoka, akasema haoni vizuri. Bridgit akamkimbiza hospitali. Njiani, mama alimshika mkono.

"Aliniambia, 'Nimeua kila kitu kwa hiyo shamba. Usikule hiyo mboga, Bridgit.' Hakuongea tena."

Madaktari walihangaika naye siku mbili. Hakuamka.

Amezikwa kwao Vihiga. Wakoli hakuweza kwenda mazishini. Tulipompata alisema jambo moja tu, akainamisha kichwa: "Mimi ndiye nilimfunza kuchanganya." Bado anapiga dawa. Anasema akiacha, hatavuna kitu. Naye hajakosea.

Bridgit ameng'oa kila kilichokuwa shambani. Tulimuuliza atapanda nini mvua ikianza. Alituuliza mvua gani.

Kwako Bridgit, kwa ndugu wote wa Vihiga, na kwako pia Wakoli, pokeeni pole zetu. Tulitafuta neno la kuwafariji na hatukulipata. Heri tuseme ukweli.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkichambua sukuma wiki leo, litazameni jani lisilo na tundu wala kidukari hata mmoja. Sote hulichagua hilo. Kabla hamjalikata, jiulizeni limefikaje jikoni likiwa safi hivyo, na nani aliyebeba pampu.